Bin wa Waskoti

  

Leo tuzungumze majina. Nina mambo mawili niliyoyasikia Kariakoo, siku moja, ndani ya saa moja. La kwanza lilikuwa Mtaa wa Aggrey, kwenye yale maduka ya simu yaliyobanana kama dagaa kwenye fungu. Kijana kaingia, kauliza: "Bosi, Mac ipo?" Muuzaji akamjibu: "Ipo, ila imetumika kidogo." Nikaelewa, wanazungumza kompyuta. Nikaenda zangu. Mbele kidogo, kwenye duka la vifaa vya hospitali, nikamkuta binti mjamzito na shangazi yake. Wameshika karatasi waliyopewa kliniki, shangazi anasoma: pamba, glavu, nyembe, makintoshi. Akasita. "Makintoshi ndiyo nini tena?" Binti akacheka: "Ule mpira, shangazi, wa kutandika kitandani wakati wa kujifungua."

Mac kwa kijana, makintoshi kwa mama mjamzito. Je, mmewahi kujiuliza hii Mac ni nani? Katoka wapi? Na mbona kwenye historia yetu, kila ukifunua ukurasa, yupo? Mackinnon, Mackay, Mackenzie, MacMichael, Macleod. Watu tofauti, kazi tofauti, miaka tofauti, lakini wote wameanza na Mac. Ni ndugu?

Hapana, si ndugu. Au niseme, ni ndugu kama walivyo ndugu watu wote wenye "bin" katikati ya majina yao. Kwa sababu Mac, wasikilizaji, ni bin. Ni neno la Kigaeli, lugha ya zamani ya milima na visiwa vya Uskoti, kule kaskazini mwa Uingereza. Maana yake ni mwana wa kiume wa fulani. Sisi tunasema Salum bin Abdallah, wao wakasema Fulani Mac Fulani. Na binti je? Binti naye alikuwa na neno lake: Nic. Mac kwa mwana, Nic kwa binti. Ila makarani wa Kiingereza walipokuja na madaftari yao hawakutaka taabu hiyo, wakawaandika wote Mac. Ndiyo maana leo unaweza kukutana na mwanamke anaitwa Mackenzie, kwa maana ya neno ni "bin", na wala hajali.

Hapo nitoe uvumi mmoja njiani. Utamsikia mtu akidai kwamba ukiona M na c ndogo, huyo ni wa Ireland, na ukiona M-a-c, huyo ni Mskoti. Si kweli. Ni kufupisha tu, kama sisi tunavyoandika "Bw." badala ya Bwana. Waayalandi na Waskoti wote wanaitumia Mac, na wote wanaifupisha wakitaka.

Jambo hili la kubeba jina la baba si geni kwetu. Tukienda kujaza fomu za kitambulisho cha taifa tunaulizwa majina matatu: la kwanza, la kati, la mwisho. Wengi wetu tunaandika letu, la baba, la babu. Tazama hata Mwalimu. Yeye aliitwa Julius Kambarage. Nyerere lilikuwa jina la baba yake, Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, na baba alipewa jina hilo kwa sababu alizaliwa wakati viwavi wameshambulia nchi. Nyerere ni viwavi. Mwalimu huyo alisoma Chuo Kikuu cha Edinburgh, huko huko Uskoti, kuanzia 1949 hadi 1952. Waskoti wa zamani wangefuata mila yao, wangemwita Mac Nyerere.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana ndipo nilipopapenda mimi. Majina haya yana maana ndani yake. Mackay ni mwana wa Aodh, na aodh ni moto: bin Moto. Mackenzie ni mwana wa Coinneach, jina la mtu mwenye sura nzuri: bin Mzuri. Macleod ni mwana wa Leod, na jina hilo asili yake ni kwa mabaharia wa kaskazini, maana yake ni mtu mwenye sura mbaya: bin Mbaya. Macmillan ni mwana wa mwenye upara, ule upara wa kunyolewa wa watawa: bin Kipara, basi. Mimi huwaza hao bin Mzuri na bin Mbaya walipokutana harusini walisalimiana vipi.

Halafu kuna McAdam. Huyu ni mwana wa nani? Wa Adamu. Mac Adam, bin Adamu. Nadhani mmeshanitangulia. Binadamu! Neno tunalolitumia kila siku, binadamu wana maneno, binadamu hawana jema, Waskoti wanalo kama jina la ukoo.

Na huyo Binadamu wa Uskoti ana habari yake. John Loudon McAdam alizaliwa Ayr mwaka 1756. Wakati wake barabara zilijengwa kwa mawe makubwa chini, na zikizama hakuna wa kuziinua. Yeye akasema: vunjeni mawe yawe madogo, yapangeni tabaka juu ya tabaka, inueni barabara katikati ili maji yateremke pembeni, halafu magari yenyewe yatashindilia. Mawe madogo yanabanana, yanakuwa kitu kimoja. Baadaye sana, baada ya yeye kufa, watu wakaongeza lami juu ya mawe hayo, na kwa Kiingereza barabara ya lami ikabeba jina lake hadi leo. Wenzetu wa Nairobi wamelichukua wakalifanya kitenzi: kijana aliyemaliza chuo na anazunguka na bahasha kutafuta kazi, wanasema anatamaki. Kachakaza viatu juu ya jina la Mskoti.

Makintoshi nayo? Charles Macintosh, mwanakemia wa Glasgow. Mwaka 1823 alipata hati ya uvumbuzi wake: aliyeyusha mpira kwa mafuta yatokanayo na lami ya makaa ya mawe, akaupaka kati ya vitambaa viwili, akapata kitambaa kisichopitisha maji. Wakashona makoti ya mvua. Sisi huku, ambao mvua ikinyesha tunajikinga kwa mfuko wa nailoni kichwani, koti hatukulihitaji sana. Mpira wenyewe ukaingia hospitali. Manesi wakautandika, wakauita makintoshi, na leo ni miongoni mwa vitu vya kwanza ambavyo mtoto anakutana navyo duniani.

Na ile kompyuta ya Mtaa wa Aggrey? Mac ni kifupi cha Macintosh, na iliitwa hivyo kwa ajili ya tunda. Kuna aina ya epo huko Amerika ya Kaskazini inayoitwa McIntosh, kwa jina la mkulima John McIntosh aliyeiona ikiota shambani kwake Kanada mwaka 1811. Wenye kampuni ya Apple walipolichukua jina hilo wakabadilisha herufi, wasigombane na kampuni nyingine. Kwa hiyo mnayo makintoshi ya mpira, ya epo na ya kompyuta, na mwana ni yule yule: bin Mkuu wa watu.

Haya, tutoke kwenye maduka. Tuteremke bandarini.

Simameni na mimi pale Magogoni, mkiipa mgongo barabara, mtazame maji. Kushoto wanapiga mnada wa samaki Feri, mbele kivuko kinapakia. Sasa vifuteni vyote hivyo akilini. Futeni maghorofa. Mwaka ni 1877. Sultani Majid aliyeuanzisha mji huu amekwisha kufa tangu 1870, na mdogo wake, Sultani Barghash, hana haja nao. Yeye na Unguja yake. Majumba aliyoyaanza Majid yanaota majani. Dar es Salaam imelala.

Hapo anaingia Mac wetu wa kwanza. Sir William Mackinnon, ingawa wakati huo bado hakuwa Sir. Alizaliwa mwaka 1823 Campbeltown, mji mdogo wa pwani huko Uskoti. Alianzia dukani, akaenda India 1847, akashirikiana na mwenzake wa mji ule ule, Robert Mackenzie. Makinoni na Makenzi, yaani bin na bin. Kutoka biashara hiyo ikazaliwa kampuni ya meli ya British India, na kuanzia 1872 meli zake zikawa zinaleta barua Unguja kutoka Aden. Wazee wetu walizijua meli hizo. Kuna waliokwenda Bombay nazo na kuna waliokwenda Hija nazo.

Sasa Mackinnon, pamoja na mwenzake Buxton aliyetoka katika familia ya wapinga utumwa, wakapata wazo. Walitaka ijengwe barabara, na si barabara ya hapa na pale: itoke Dar es Salaam, ipite bara, ifike Ziwa Nyasa. Kwa nini? Angalia biashara ilivyokuwa. Kila kitu kilibebwa kichwani au begani na mpagazi. Pembe za ndovu zilishuka kwa mabega ya watu, na vitambaa na shanga vikapanda kwa mabega ya watu. Wao wakasema: tukiwa na barabara pana, tutapitisha magari ya kukokotwa na ng'ombe, mzigo utatoka begani mwa mtu, na biashara ya watumwa itakosa sababu. Wazo zuri, na ndani yake mlikuwa na faida pia. Mfanyabiashara hajengi barabara kwa sadaka tu.

Wakaanza 1877. Wakafyeka, wakapasua mwitu kuelekea kusini-magharibi. Ikapita kilomita 100. Ikawaje? Mbung'o. Ng'ombe walikufa. Msitu ukifyekwa leo, mvua za mwaka mmoja zinaurudisha. Huku Unguja, mazungumzo ya Mackinnon na Sultani Barghash ya kukodi bara yalivunjika 1878, na bila mkataba ule fedha za barabara zilitafuta nini porini? Mwaka 1881 kazi ikaachwa. Majani yakafunga njia.

Mzigo ukarudi begani. Na haukutoka upesi. Miaka zaidi ya thelathini baadaye, Vita Kuu ya Kwanza ilipopigwa katika nchi hii, Waingereza waliwachukua vijana kwa maelfu kwa maelfu wawe wapagazi wa jeshi, kwa sababu ile ile ya zamani: mbung'o walikuwa wanawaua wanyama. Wengi hawakurudi. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na mahali walipopiga kambi mjini hapa, jina hilo likapita kwenye ndimi za watu likatoka limekuwa Kariakoo. Kwa hiyo ukiwa Kariakoo leo, ukapishwa kwa kelele na kijana mwenye gunia begani, au mkokoteni ukakukanyaga kidole, kumbuka Bwana Makinoni na magari yake ya ng'ombe.

Lakini subirini, mwaka 1877 haujaisha. Mwaka huo huo, kaskazini kidogo ya hapa, Saadani, kulikuwa na Mac mwingine naye anajenga barabara! Kijana wa miaka 28 hivi, Alexander Mackay, mwana wa mchungaji wa Rhynie, Aberdeenshire, fundi mitambo aliyesomea kazi yake Edinburgh na Ujerumani, sasa mmisionari wa shirika la Kianglikana la CMS. Yeye alipasua njia ya magari kutoka Saadani hadi Mpwapwa. Mbung'o hawakumhurumia naye. Na mwaka huo huo tena, Unguja, ikafunguliwa nyumba ya biashara ya Smith Mackenzie, mawakala wa meli za Mackinnon. Mackinnon, Mackay, Mackenzie: mwaka mmoja, pwani moja.

Kati ya hao watatu, Mackay ndiye wangu. Alifika Buganda 1878, katika ufalme wa Kabaka Mutesa. Hakuwa mhubiri wa kusimama na kunyoosha kidole tu. Alifua chuma, alichonga mbao, alitengeneza mashua, alisaga herufi za chapa, akachapa Maandiko kwa Kiganda. Mama yake Mutesa alipofariki, ni yeye aliyeitwa kutengeneza jeneza, na likawa jeneza la ajabu kwa ukubwa. Watu wakampa jina kwa Kiswahili. Hawakumwita bin Moto, wala Bwana Makai. Walimwita Mzungu wa Kazi. Mimi naona hilo ndilo jina alilolipata kwa jasho lake. Lile lingine alizaliwa nalo.

Wakati wa Kabaka Mwanga mambo yaliharibika, Wakristo vijana wakauawa, na mwaka 1887 Mackay akalazimika kuondoka. Akahamia Usambiro, kusini mwa Ziwa Viktoria, upande wetu huu wa Tanzania. Hapo mwaka 1889 ukatokea msafara umechoka, viatu vimeisha, watu wamedhoofu. Ni mpelelezi Stanley, anatoka kumwokoa Emin Pasha, gavana wa Equatoria. Wakapumzika kwa Mackay. Na mnajua nani aliyekuwa mwenyekiti wa kamati iliyotafuta fedha za msafara ule? William Mackinnon! Mac mmoja katoa fedha akiwa Uingereza, Mac mwingine katoa uji na kitanda akiwa Usambiro. Februari 1890 homa ikamchukua Mackay, hajarudi kwao tangu alipotoka. Miaka mingi baadaye mifupa yake ikahamishiwa Namirembe, Kampala.

Akina Mackenzie nitawapitia mbio. Kulikuwa na Askofu Charles Mackenzie, mzaliwa wa Peeblesshire, askofu wa kwanza wa misheni ya UMCA, ile iliyokuja kujenga kanisa kuu la Mkunazini, Unguja, kwenye uwanja wa soko la watumwa. Yeye kanisa hilo hakuliona: alifariki 1862, kisiwani katika mto Shire. Na kulikuwa na George Mackenzie, msimamizi wa kwanza wa kampuni ya Mackinnon iliyopewa kutawala Mombasa mwaka 1888. Alipofika akakuta Rabai kuna watumwa waliotoroka na kujificha misheni, na wenyewe wanawadai. Akalipa fidia, na Januari 1889 wakapewa hati za uhuru, watu zaidi ya elfu moja. Rabai, wasikilizaji, iko kaunti ya Kilifi. Najua ukitamka Mackenzie na Kilifi leo, mtu anafikiria msiba mwingine, ule wa mhubiri Mackenzie na wafuasi wake waliokufa katika msitu wa Shakahola, uliofichuka mwaka 2023. Jina ni moja, watu ni wawili, karne ni mbili. Bin Mzuri hachagui anayemrithi.

Mackinnon mwenyewe aliishia wapi? Kampuni yake ikafilisika, yeye akafariki London mwaka 1893, na miaka miwili baadaye serikali ya Uingereza ikachukua kila kitu. Lakini jina lake lilibaki Kenya. Mtu akitoka Mombasa kwenda Nairobi, baada ya Mariakani na Samburu anafika mji mdogo wa joto, Mackinnon Road. Barabara yake ya pili, hiyo, iliyoanzia Mombasa. Hapo kando ya reli pana msikiti wenye kaburi la Seyyid Baghali Shah, na madereva wengi, Waislamu kwa wasio Waislamu, husimama wakatoa sadaka kabla ya kuendelea na safari. Wakati wa Mau Mau Waingereza waliweka hapo kambi ya wafungwa. Ukimuuliza utingo wa lori Mackinnon ni nani, atakuonyesha msikiti.

Sanamu yake pia ilikuwepo Mombasa. Baada ya uhuru ikang'olewa, ikapakiwa, ikarudishwa Uskoti. Meli iliyoitwa kwa jina lake ilisafirishwa vipande vipande mpaka Kisumu, ikaunganishwa, ikashushwa Ziwa Viktoria mwaka 1900. Na hapa Dar es Salaam, alipoanzia? Hakuna kitu. Hakuna mtaa, hakuna kibao, hakuna jiwe.

Mnaniuliza, kila Mskoti ni Mac? Si kila mmoja. Mwaka 1879 waliondoka hapa Dar es Salaam Waskoti wawili kwenda maziwa ya bara, Keith Johnston na Joseph Thomson, na kiongozi wa wapagazi wao alikuwa Chuma, yule yule aliyeusindikiza mwili wa Livingstone hadi pwani. Thomson ni bin vile vile, ila bin imehamia mkiani: mwana wa Tom. Johnston ukilisikia utadhani mwana wa John, kumbe ni mji wa John. Johnston alifariki mwezi uliofuata, Behobeho, karibu na Rufiji. Thomson, kijana wa miaka 21, akauongoza msafara hadi mwisho. Swala wadogo wa Serengeti, wale wenye mstari mweusi ubavuni, tunawaita swala tomi. Tomi ni yeye.

Turudi Magogoni. Ikulu ile, wakati wa Waingereza ikiitwa Nyumba ya Gavana, aliishi humo kuanzia 1934 hadi 1938 Sir Harold MacMichael, bin Mikaeli. Sitamkalia sana. Alituachia jambo moja la maana, lile jumba la makumbusho la Mtaa wa Shaaban Robert, lililoanzishwa mwaka 1934 na kufunguliwa kwa watu 1940. Mkipata nafasi nendeni, na mwende na watoto.

Akina Macmillan nao wako wa namna mbili. Mmoja, McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani, mjane wake alijenga maktaba nzuri ya nguzo nyeupe katikati ya Nairobi mwaka 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuketi asome ndani yake. Mwingine, Harold Macmillan, alikuwa Waziri Mkuu wa Uingereza tulipopata uhuru. Familia yake asili yake ni kisiwa cha Arran, na ndiyo iliyoanzisha kampuni ya vitabu mwaka 1843. Walimu wanaonisikiliza wanaijua nembo hiyo. Vitabu vyake vimo kabatini.

Nimefika kwa yule niliyemweka akiba. Ukitoka Ikulu kwa miguu, dakika chache tu, unafika ukumbi wa Karimjee. Machi 1961. Ndani wameketi Mwalimu Nyerere na wenzake, na ng'ambo ya meza ameketi Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Iain Macleod. Wazazi wake ni watu wa kisiwa cha Lewis, Wagaeli hasa. Mkumbuke jina lake: bin Mbaya. Na bin Mbaya huyu, kati ya mawaziri wa makoloni wote waliowahi kutushughulikia, ndiye aliyekuwa na haraka kama yetu. Watu wa chama chake mwenyewe walimnung'unikia kwamba anagawa Afrika upesi mno. Walikubaliana ndani ya siku chache tu. Madaraka ya ndani Mei, uhuru Desemba mwaka ule ule. Tarehe ya kwanza iliyotajwa ilikuwa 28, ikasogezwa mbele ikawa tarehe 9. Nje umati ukambeba Mwalimu juu juu.

Mimi napenda kuifikiria meza ile. Upande mmoja mwana wa Nyerere, aliyesoma Edinburgh. Upande wa pili mwana wa Leod. Wote wawili wamebeba majina ya baba zao, viwavi na ubaya, wanaandika hati ya nchi. Na hatua chache kutoka hapo, chini bandarini, ndipo bin mwingine alipoanza kufyeka njia miaka 84 kabla, akidhani ufunguo wa nchi hii ni barabara.

Muda wangu unakaribia kwisha, lakini nina deni moja. Kuna msikilizaji aliwahi kuniuliza kuhusu Mtaa wa Livingstone, pale Kariakoo. Livingstone alikuwa Mskoti, sawa, lakini si Mac. Ndivyo?

Kwanza, jina lenyewe lilikuwa likiandikwa bila e mwishoni; David na wazazi wake waliandika hivyo kwa miaka, e ikarudi baadaye. Pili, ukoo wa baba yake ulitoka kisiwa cha Ulva, pwani ya magharibi, kwenye Kigaeli. Na huko, akina Livingstone hawakuwa wakiitwa Livingstone. Hilo ni jina la Kiingereza walilolivaa baadaye, kama mtu anavyovaa koti kwenda ofisini. Kwa Kigaeli jina lao huelezwa kuwa Mac an Lèigh. Kwa hiyo alikuwa Mac bila kujitangaza. Na lèigh ni nini? Ni tabibu. Bin Tabibu! Naye akasomea udaktari, asijue pengine kwamba anarudi kwenye jina la babu zake.

Basi juzi nilikuwa pale kituo cha mwendokasi Gerezani, nina mzigo, nikamwita kijana wa bodaboda. Nikamwambia, "Mwanangu, nipeleke Mtaa wa Bin Tabibu."

Akanitazama, akawasha pikipiki, akaizima. "Mzee wangu," akasema, "huo uko Temeke?"